Kabla hujampa mkandarasi kazi ya kupunguza radoni nyumbani

Mimi ni mkadiriaji majenzi hapa Dodoma. Kazi yangu ni kusoma bei za makandarasi na kukagua kilichofanyika kabla mwenye nyumba hajatoa hela. Kazi nyingi za ujenzi zinakaguliwa kwa macho na futi: ukuta umenyooka au umepinda, zege limeshika au limemeguka. Radoni haikaguliwi hivyo. Ni gesi yenye mionzi, isiyo na rangi wala harufu, na fundi aliyeharibu anaweza kukuachia bomba zuri kuliko aliyefanya vizuri. Kinachoonyesha kazi imefanyika ni kipimo kushuka, kwa hiyo mkataba wako uanzie kwenye kipimo na uishie kwenye kipimo.

Gesi hii inatokana na urani iliyomo kidogokidogo kwenye udongo na miamba, na sisi tumejenga juu ya graniti. Bahi na Manyoni watu walishakuja kutafuta urani yenyewe. Hilo peke yake lisikutie hofu, maana nyumba mbili zilizopakana zinaweza kutofautiana sana kwa sababu ya msingi, nyufa na tabia ya kufungua madirisha. Lakini usilipuuze. Katika nchi nyingi radoni ndiyo kisababishi cha pili cha saratani ya mapafu baada ya sigara, na anayevuta sigara ndani ya nyumba yenye radoni nyingi hatari yake inapanda zaidi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2009 lilipendekeza kiwango kisizidi bekereli 100 (kipimo cha mionzi) kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na pale ambapo haiwezekani, kisivuke 300. Marekani wanashauri kuchukua hatua kikifika 148.

Basi pima kwanza. Chombo cha serikali chenye dhamana ya mambo ya mionzi ni Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, TAEC. Anzia huko kuuliza namna ya kupima na nani anafaa kukupimia. Kifaa kiwekwe chumba cha kulala au sebuleni, kisiwekwe jikoni wala bafuni, na kikae mbali na dirisha. Kipimo cha siku mbili kinatoa picha ya haraka nyumba ikiwa imefungwa. Cha miezi mitatu na zaidi kinasema kweli zaidi. Mimi napenda kipimo kiguse Juni na Julai, baridi ya Dodoma inapotufungisha madirisha usiku kucha. Na shika hili kwa mikono miwili: anayepima asiwe yule atakayelipwa kurekebisha.

Namba ikiwa juu, usikimbilie mkandarasi siku hiyohiyo. Nyumba za zamani zenye madirisha ya vipande vya kioo na matundu ya hewa juu ya lenta hupumua zenyewe. Hizi mpya za aluminiamu na kiyoyozi zinafungwa kabisa kwa ajili ya vumbi na upepo wetu. Fungua, zibua matundu yaliyozibwa wakati wa kupaka rangi, kisha pima tena. Ikishuka vya kutosha na unaweza kuishi hivyo mwaka mzima, umeokoa hela yako. Isiposhuka, sasa tafuta mtu.

Marekani kuna vyeti maalumu vya kazi hii, vinavyotolewa na mashirika ya NRPP na NRSB, kwa hiyo mwenye nyumba huko anaanza kwa kuuliza cheti. Hapa anza na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB. Hakikisha jina la kampuni limo kwenye orodha yao na usajili wake uko hai. Makandarasi wa majengo wana madaraja saba, na kwa nyumba moja ya kuishi huhitaji wa daraja la kwanza. Atakayeunganisha umeme wa feni ya kuvutia gesi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Baada ya hapo usajili umemaliza kazi yake, kwa sababu hausemi kama mtu huyu anaijua radoni. Hilo utalijua kwa kumhoji.

Muulize gesi inaingiaje. Anayejua atakwambia kwamba hewa ya ndani ina mgandamizo mdogo kuliko ile iliyo chini ya sakafu, hivyo nyumba inaivuta kupitia nyufa, kwenye maungio ya jamvi (zege la sakafu) na ukuta, na pale mabomba ya choo yanapopenya. Shemeji yangu aliwahi kuletewa bei ya kuziba nyufa kwa silikoni na kupaka rangi "maalumu", basi. Nilimwambia asisaini. Kuziba ni sehemu ya kazi, lakini kuziba peke yake si kwa kutegemea: nyufa nyingine zitafunguka, na ulizoziba chini ya vigae huzioni.

Njia iliyothibitika zaidi ni kuvuta hewa kutoka chini ya jamvi. Linatobolewa tundu, linachimbuliwa shimo dogo chini yake, linasimikwa bomba la PVC, mara nyingi la inchi nne, na feni inavuta hewa na kuitoa juu ya paa, mbali na madirisha. Feni ikae nje au juu ya dari, isikae chumbani, maana bomba likivuja baada ya feni litamwaga ndani ileile gesi unayoifukuza.

Hapa ndipo ujenzi wetu unapotaka mtu mwenye akili. Mtaalamu aliyesoma kwa nyumba za Ulaya anaweza kudhani tundu moja linatosha. Lakini sisi kila ukuta wa chumba tunauanzishia msingi wake, tunajaza mawe na moramu katikati, tunashindilia, ndipo tunamwaga jamvi. Chini ya sakafu kunakuwa na vyumba vilevile vilivyo juu, vimetenganishwa na kuta za msingi, na moramu iliyoshindiliwa vizuri haipitishi hewa kirahisi. Bomba la sebuleni linaweza lisivute chochote chini ya chumba cha watoto. Kwa hiyo kabla ya bei ya mwisho, mkandarasi afanye jaribio: avute kwa mashine kwenye tundu moja, atoboe vitundu vidogo vyumba vingine, na aweke moshi kidogo hapo aone kama unanyonywa kwenda chini. Awe na ramani ya msingi, au aichore. Anayekupa bei bila jaribio hili anakisia, na tofauti ya makisio utailipa wewe. (Kama bado unajenga Nzuguni au Iyumbu, laza nailoni nzito na bomba kabla ya kumwaga jamvi. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kuja kutoboa baadaye.)

Wenye kisima waulizie pia maji, kwa kuwa radoni iliyomo kwenye maji huingia hewani mtu anapooga, ingawa inayotoka kwenye udongo kwa kawaida ndiyo kubwa.

Kwenye mkataba andika namba ya kuanzia, namba mnayolenga, vyumba vitakavyopimwa na nani atapima. Bakiza sehemu ya malipo yenye uzito mpaka kipimo kirudiwe, feni ikiwa imewaka angalau saa 24, na kirudiwe ndani ya mwezi mmoja. Andika pia kwamba kisiposhuka, mkandarasi anarudi kwa gharama zake. Dai kimrija cha umbo la U chenye maji ya rangi kwenye bomba: maji yakilingana pande zote mbili, feni haivuti. Umeme ukikatika gesi huanza kurudi ndani ya saa chache, kwa hiyo fungua madirisha. Feni isizimwe kuokoa LUKU. Kisha pima tena kila baada ya miaka miwili, na mara moja ukivunja ukuta au ukiongeza chumba.