Namna ya Kufundisha Jinsi Kingamwili Zenye Uwezo Mpana Dhidi ya VVU Zinavyotokea

Ukiwafundisha wahamasishaji wa afya ya jamii mjini Malindi, swali hili halitachelewa: ikiwa mwili unaweza kutengeneza kingamwili, yaani protini za kinga, zinazozuia aina nyingi za VVU, kwa nini mtu ameze dawa kila siku? Usilikwepe, wala usilijibu papo hapo. Jibu lake limo katika maisha ya virusi vyenyewe.

Anza na ganda la nje. Eleza kwamba lina protini iitwayo Env, ambayo ndiyo hushika seli za CD4, seli za kinga ambazo virusi huzishambulia, nayo imefunikwa na minyororo ya sukari iliyotengenezwa na seli za mtu mwenyewe, hata kinga ya mwili isipate kwa urahisi pa kushika. Kingamwili za kwanza zenye kuzuia hutokea miezi michache baada ya maambukizi, lakini huviweza virusi vya mtu huyo tu, navyo hubadilika upesi vikaziponyoka.

Hapo tulia, kwa maana ndipo penye uzito wa somo. Mfano wa bao unafaa: anayecheza kwa miaka na mpinzani mwerevu hufunzwa na mpinzani huyo huyo. Ndani ya tezi za limfu, seli B, ndizo zinazotengeneza kingamwili, hubadilisha jeni za kingamwili zao, zile zinazoshika vizuri zaidi zikachaguliwa kuendelea, na virusi vinapogeuka mchujo huanza upya. Baada ya miaka miwili, mitatu au zaidi, baadhi ya watu, si wengi, hupata kingamwili zinazoshika sehemu ambazo virusi haviwezi kuzibadilisha bila kujidhuru, kama vile pale vinaposhikia CD4. Taja ushahidi wa Malawi uliochapishwa mwaka 2013: mtu mmoja alifuatiliwa tangu wiki za mwanzo za maambukizi, na watafiti wakaona virusi na kingamwili iitwayo CH103 vikibadilika sambamba. Mchango wake unastahili kutajwa kwa heshima.

Sasa rudi kwenye swali. Kingamwili hizo zinapokomaa, virusi vilivyomo mwilini mwa mwenyewe kwa kawaida vimekwisha kuziponyoka, kwa hiyo hazichukui nafasi ya dawa za ARV.

Kabla ya kufunga darasa, zitofautishe na kingamwili zinazoonekana kwenye kipimo cha haraka, ambacho huonyesha kwamba mtu ameambukizwa, wala hakipimi uwezo wa kuvizuia virusi.