Kupima hewa ukaa ya udongo wa msitu kabla na baada ya mvua za kwanza

Anayetaka kuona misimu ikifanya kazi ndani ya udongo, iwe kwenye mipaini ya Mufindi au msitu wa asili wa Rungwe, Tanzania, asianze na kaboni yote ya udongo. Akiba hiyo ni kubwa mno. Udongo wenye kaboni asilimia 4 na uzito wa gramu 0.8 kwa sentimita ya ujazo una tani 32 kwa hekta katika sentimita 10 za juu peke yake, na badiliko la msimu mmoja hupotea ndani ya tofauti za shimo na shimo. Pima hewa ukaa inayotolewa na bakteria, kuvu na mizizi. Na usikose mvua za kwanza, Novemba hivi.

H. F. Birch, mtafiti wa udongo aliyefanya kazi Muguga, Kenya, alionyesha miaka ya 1950 kwamba udongo uliokauka ukilowa tena, mboji huoza kwa kasi kubwa. Kiangazi huua sehemu ya vijidudu. Vilivyobaki hulimbikiza vitu vinavyoyeyuka ndani ya seli ili maji yasivitoke. Maji yakirudi ghafla, hutema vitu hivyo au hupasuka. Mabonge ya udongo nayo humeguka na kufichua mboji iliyojificha. Wimbi la hewa ukaa linalofuata hupanda ndani ya saa chache na kushuka siku chache baadaye, kwa hiyo anayepima mara moja kwa mwezi hulipita bila kuliona.

Tafuta ndoo za lita 10 zenye mdomo wa sentimita 24 (eneo la mita za mraba 0.045), uzipake rangi nyeupe zisichemke juani. Yeyusha gramu 40 za kostiki soda, ambayo hunasa hewa ukaa, kwa kila lita ya mmumunyo: tia kostiki kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki, na vaa glavu na miwani. Siku moja kabla, ng'oa majani mabichi na ukate mfereji wa duara wa sentimita 3 utakaopokea mdomo wa ndoo, kwa kuwa udongo uliotibuliwa hutoa hewa ya ziada. Kesho yake weka chupa ya mdomo mpana yenye mililita 60 za kostiki juu ya kigoda cha waya, ifunike kwa ndoo, shindilia udongo pembeni. Iache saa 24. Ndoo nyingine yenye chupa kama hiyo ifungwe kwa mfuniko wake. Hiyo ni ya kulinganishia.

Maabara, chukua mililita 10, ongeza mililita 10 za bariamu kloraidi ya mola 1 na matone ya fenofthalini (kionyeshi cha rangi), kisha dondosha asidi ya haidrokloriki ya mola 0.5 hadi rangi ya waridi ipotee. Ukiruka bariamu, asidi itakula pia kabonati (hewa ukaa iliyonaswa) na hesabu yote itaharibika. Tofauti ya mililita za asidi kati ya chupa ya kulinganishia na ya msituni, mara 18, ni miligramu za kaboni. Gawa kwa 0.045. Tofauti ya mililita 6.0 ni gramu 2.4 kwa mita ya mraba kwa siku. Kostiki ikitumika zaidi ya theluthi mbili, haishiki hewa ipasavyo: ongeza kiasi, rudia.

Pima Oktoba, halafu siku ya 1, 2, 3 na 7 baada ya mvua. Kama huwezi kuivizia mvua, mwaga lita 0.9 za maji ya mvua ndani ya duara (sawa na milimita 20), na duara la jirani liache kavu. Rudi Februari, udongo uliojaa maji unapokosa oksijeni, na Julai, baridi inapopunguza kasi.

Kila mara chukua udongo wa pembeni, uupime uzito kabla na baada ya kukaushwa nyuzi 105 kwa saa 24 ili ujue unyevu wake. Sampuli utakayochunguza vijidudu usiikaushe, hasa udongo wa majivu ya volkano wa Rungwe, ambao ukikauka kabisa haurudii hali yake.