SOMO: Kubadilisha diski na pedi za breki za mbele mwenyewe

Wakuu habari. Hili swali limeniandama sana kwahiyo naandika lote sehemu moja. Kazi yenyewe siyo ngumu, kila upande ni bolti nne tu, ila hizi ni breki jamani, kama hujawahi kushika spana kabisa mara ya kwanza fanya ukiwa na mtu anayejua.

Andaa jeki, stendi mbili, wili spana, boksi spana (gari nyingi ndogo ni 14 na 17 ila pima ya kwako), brashi ya waya, klampu ya G, kipande cha waya, grisi ya silikoni na dawa ya kusafishia breki. Diski na pedi badilisha kushoto na kulia kwa pamoja, ukibadilisha upande mmoja gari itavuta upande ukikanyaga.

Hatua ya 1. Paki pa tambarare, hendibreki juu, zuia tairi za nyuma. Legeza nati za tairi robo mzunguko gari ikiwa bado chini, ndo upige jeki. Ikishapanda weka stendi. Usiingize hata mkono gari ikiwa imeshikiliwa na jeki tupu, jeki inaweza kushuka ghafla.

Hatua ya 2. Toa tairi, geuza usukani upate nafasi, fungua bolti mbili za kalipa (kile chuma kinachobana pedi kwenye diski) kwa nyuma. Ikitoka ifunge na waya kwenye springi, usiiache inaning'inia kwenye hozi yake (mpira unaopitisha oili ya breki), hozi ikiumia kwa ndani kwa nje huoni kitu. Toa pedi na kumbuka ipi ilikuwa ya ndani ipi ya nje.

Hatua ya 3. Fungua breketi (chuma kinachoshikilia kalipa), bolti zake zinakuwa zimekaza kweli, tumia mpini mrefu. Diski ikigoma kutoka angalia kama ina matundu mawili madogo yenye nyuzi, ingiza bolti zinazoingia humo (mara nyingi M8) uzikaze kidogokidogo kwa zamu, itajisukuma yenyewe. Haina matundu? Nyundo, huku unaizungusha.

Hatua ya 4, na hapa naomba msome taratibu. Safisha uso wa habu (pale diski inapokaa) mpaka uone chuma. Mimi nilishawahi kuruka hii hatua nikafunga diski mpya juu ya kutu, wiki chache baadae pedeli ikaanza kutetemeka kila nikifunga breki na nikawa nalaumu diski, kumbe diski ilikuwa nzima. Kutu au uchafu wa unene wa karatasi tu unatosha kuikalisha diski upande, basi inazunguka inayumba na taratibu inalika bila kulingana. Ndo maana watu wengi wanasema diski imepinda wakati tatizo ni habu.

Hatua ya 5. Diski mpya inakuja na mafuta ya kuzuia kutu, ioshe kwa ile dawa pande zote, ifunge na nati mbili za tairi isichezecheze. Rudisha breketi. Chomoa pini za kalipa, zifute, paka grisi ya silikoni, ya kawaida hapana maana inavimbisha raba.

Hatua ya 6. Fungua mfuniko wa chupa ya oili ya breki, weka pedi ya zamani kwenye pistoni (ile ya duara ndani ya kalipa inayosukuma pedi), irudishe polepole na klampu huku unaangalia chupa isifurike, oili ya breki inakula rangi ya gari. Panga pedi mpya, rudisha kalipa, kaza bolti kwa toki (kipimo cha nguvu ya kukazia) ya kwenye kitabu cha gari, funga tairi, hamia upande wa pili.

Ukishashusha gari, KABLA HUJAIWASHA pampu pedeli mpaka iwe ngumu. Pistoni umeirudisha nyuma, ukiondoka hivihivi kanyago la kwanza linazama mpaka chini na gari haisimami. Cheki na kiwango cha oili.

Mwisho, barabara isiyo na watu, nenda 50 shuka mpaka 10 bila kusimama kabisa, rudia kama mara kumi, afu endesha bila kugusa breki zipoe.

MASWALI

Mkuu, kila nikibadili pedi lazima na diski?
Hapana. Pima unene wake, kiwango cha mwisho kimeandikwa kwenye diski yenyewe kwa milimita. Ikishuka hapo, au ina ufa, au inatetemesha, toa.

Kaka mimi pedi ya ndani imeisha kabisa ya nje bado nene, shida nini?
Mara nyingi pini zimeganda, kalipa haitelezi kwahiyo ya ndani inafanya kazi peke yake. Cheki na pistoni kama inarudi vizuri, la sivyo hizo mpya nazo zitaisha hivyohivyo.

Fundi, za nyuma ni hivihivi?
Siyo zote dada. Kama hendibreki iko kwenye kalipa, pistoni nyingi zinarudi kwa kuzungushwa, ukiisukuma na klampu unaiua. Na kama hendibreki ni ya kitufe, gari iwekwe kwanza kwenye modi ya sevisi ndo ufungue.

Nimemaliza ila pedeli laini hata nikipampu.
Usiitoe hapo ilipo. Hewa imeingia au kuna sehemu inavuja, angalia hozi na toa hewa kwanza.