Batiki: kunja mbele na nyuma, usizungushe

Ukitaka maua yafanane kwenye kitambaa kizima, kikunje kama feni, mkunjo mmoja mbele, mmoja nyuma. Nimelijua hili wiki hii hapa Mbeya, baada ya kufungua bafta ya mita 2 na kukuta pembeni kumekolea, katikati peupe pee.

Lowesha bafta, ikamue, ikunje kwa urefu mikunjo ya upana wa kiganja mpaka upate utepe mmoja. Kisha anzia ncha moja, kunja pembetatu kama sambusa. Hapa ndipo wengi tunakosea: sambusa huzungushwa, na ukizungusha kitambaa, tabaka la kwanza linafungiwa ndani, rangi haiifikii kabisa sehemu ile. Geuza, mbele, nyuma, mbele, nyuma, ili kila tabaka libaki na ukingo wake nje. Kaza kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Ukichovya pembe tu unapata maua. Ukichovya kingo unapata pembetatu zilizoshikana, na hizo kwa kweli ni nzuri mno kwenye mashuka.

Inagoma kitambaa kikiwa kizito kama kaki, au mikunjo ikiwa mingi hadi furushi linakuwa nene. Hapo ligawe mara mbili. Poliesta usijaribu, rangi za pamba hazishiki. Na kwa baridi hii ya Juni, tumia maji ya moto. Beseni likipoa, rangi inatoka imefifia hata kama umekunja vizuri.