Namna ya Kuchagua Intaneti ya Waya: Mjue Kwanza Mwenye Waya

Kabla hujauliza bei ya kifurushi, uliza waya utakaoingia nyumbani kwako ni mali ya nani, na kama kampuni nyingine inaruhusiwa kuuza huduma kupitia waya huo huo. Mteja wa Kikwajuni, Unguja, au wa Chake Chake, Pemba, mwenye njia moja tu ya kupata intaneti hana pa kuhamia anapochoshwa, na muuzaji analijua hilo.

Anza kwa macho. Ufuate waya kutoka dirishani hadi kwenye nguzo au kisanduku, usome lebo iliyobandikwa, kisha umuulize jirani anayelipia kampuni tofauti kama naye ameunganishwa hapo hapo. Katika majumba ya Michenzani, ambako ngazi moja huhudumia familia nyingi, swali hili hujibiwa kwa dakika chache. Muulize pia muuzaji ana leseni gani, kwa sababu tangu mwaka 2005 mfumo wa leseni wa Tanzania unatenganisha anayemiliki miundombinu, anayeendesha mtandao na anayemuuzia mteja huduma. Inawezekana kabisa kwamba unayemlipa siye mwenye waya, na ukikatika atalazimika kumsubiri mwenzake.

Nchini Marekani jambo hili la mwenye waya kuwaruhusu washindani wautumie lilipiganiwa tangu intaneti ya kasi ilipoanza kupita kwenye nyaya za televisheni. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996 ilizitaka kampuni kongwe za simu kuwafungulia washindani sehemu za mitandao yao, lakini wenye nyaya za televisheni hawakubanwa hivyo. Mji wa Portland ulijaribu kuilazimisha kampuni ya AT&T iwapitishe washindani kwenye nyaya zake za televisheni, na mwaka 2000 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba mji hauna mamlaka hayo. Mwaka 2002 msimamizi wa mawasiliano, FCC, aliiita intaneti ya nyaya hizo «huduma ya habari» badala ya «huduma ya mawasiliano», na mwaka 2005 Mahakama ya Juu ikaukubali uamuzi huo. Kwa jina hilo tu, wenye nyaya za televisheni wakaepuka wajibu wa kuzifungua kwa washindani. Naona hili ndilo funzo kubwa kwa mteja yeyote: maneno yanayoieleza huduma ndiyo yanayoamua unachoweza kudai.

Kwa hiyo usome mkataba neno kwa neno. Sisi nyumbani tulitia saini haraka, na tulipotaka kuhama tukakuta tumefungwa kwa mwaka mzima na ruta si yetu. Angalia muda wa mkataba, malipo ya kuuvunja, na neno «hadi», kwani «hadi megabiti 20» kwa sekunde haiahidi hata megabiti 5. Kumbuka pia kwamba megabiti 8 ni sawa na megabaiti 1, hivyo kasi kamili ya megabiti 20 kwa sekunde hushusha faili la gigabaiti 1 kwa takriban dakika saba.

Baada ya kuunganishwa, chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, upime kasi asubuhi, alasiri na saa tatu usiku kwa wiki moja, na uandike kila tokeo pamoja na tarehe. Ikishuka usiku tu, huenda mtaa mzima unagawana uwezo mmoja. Ikiwa ndogo wakati wote, huenda kasoro iko kwenye waya, kifaa au kifurushi.

Malalamiko yaanzie kwa kampuni, kwa maandishi. Usiporidhika, yapeleke kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Posta na simu ni mambo ya Muungano, kwa hiyo mamlaka hiyo inamhusu mteja wa Unguja na Pemba sawasawa na wa Dar es Salaam. Ambatisha mkataba, risiti na daftari lako la vipimo. Barua uliyoipeleka kwa kampuni iwe na nakala mbili, na yako usiondoke nayo kabla haijapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.