Somo: Kuchanganya koo mbili za dende wenye macho mekundu

Dende (simbilisi, au cobaye kwa Kifaransa) wakizagaa wote jikoni, kama wanavyofugwa nyumba nyingi huku Bukavu na Kabare, mashariki mwa Kongo, habari ya rangi iache kwanza. Baba hajulikani, kwa hiyo rangi ya mtoto haikufundishi kitu.

1. Vizimba. Dume mmoja kwa kizimba, majike wawili hadi watano. Jike afikishe gramu 500, dume 600. Jike ambaye hajazaa asipitishe miezi sita: mifupa ya nyonga hukaza, mtoto hukwama, na mama hufa naye.

2. Daftari. Andika namba, rangi ya mwili, rangi ya macho, baba, mama, tarehe. Mimba huchukua siku 59 hadi 72. Mtoe dume kabla jike hajazaa, maana saa chache tu baada ya kuzaa anapandwa tena. Watoto wa kiume watengwe siku ya 21. Wakichelewa watapanda mama na dada zao, na daftari lote limeharibika.

3. Kupandisha. Ukoo wa kwanza: mweupe, macho mekundu, pua na masikio meusi. Ukoo wa pili: mwili mwekundu, macho mekundu pia. Ukipandisha ukoo mmoja kwa mwingine, wengi hungoja macho mekundu, lakini watoto wote huzaliwa na macho meusi. Kasoro ya kurithi inayoleta macho mekundu katika ukoo wa kwanza si ile ya wa pili, na kila mzazi humpa mtoto kipande kizima cha urithi ambacho mwenzake amekosa. Usimshuku jirani wala dume wake.

4. Kizazi cha pili. Pandisha watoto hao wao kwa wao, ila watoke kwa wazazi tofauti: anzisha jozi mbili zisizo ndugu tangu mwanzo. Kati ya watoto 16, tegemea kama 9 wenye macho meusi na 7 mekundu. Kati ya hao 7, mmoja hubeba kasoro zote mbili, naye hufanana sana na wale weupe. Kumtambua, mpandishe na dende safi wa ukoo wa pili. Mtoto mmoja tu akitoka na macho meusi, siye. Wakitoka sita mfululizo wenye macho mekundu, karibu hakika ndiye.

MASWALI

— Aksanti kwa somo, yaya. Niko na jike ya nywele nyeupe na nyeusi zenye kuchanganyika, kichwa nyeusi. Dume iko vile vile. Nibaweke pamoja?

Hapana, ndugu yangu, tafadhali usifanye hivyo. Hao wawili wakikutana, mtoto mmoja kati ya wanne huzaliwa mweupe, macho madogo sana au hana kabisa, meno yamepinda. Hawezi kutafuna majani, na wengi hufa mapema. Mpe jike huyo dume wa rangi moja: karibu nusu ya watoto watafanana na mama, wazima. Dume mweupe asiyejulikana asili pia mwepuke, kwani weupe unaweza kuficha rangi hiyo.

— Mu kiangazi watoto yangu banakuwa zaifu, mama anavimba magoti. Ni juu ya kuchanganya rangi?

Rangi haina kosa hapo, mama. Dalili hizo ni za kukosa vitamini C. Mwili wa dende hauwezi kuitengeneza, kama wetu, na kuanzia Juni hadi Agosti majani mabichi hupungua. Nyasi kavu peke yake haitoshi. Kila siku wape matawi mabichi ya viazi vitamu au majani ya kabichi, na vipande vya mapera yakipatikana. Jike mwenye mimba ahudumiwe wa kwanza.

— Kizazi cha pili nilipata watoto wawili tu, wote macho mekundu. Hesabu yenu ya 9 kwa 7 iko wapi?

Wawili ni wachache mno. Kwa hesabu hiyo hiyo, uzao wa watoto wawili hutoka wote mekundu karibu mara moja kati ya tano. Mrudishe dume yule yule kwa jike yule yule, na hesabu uzao wote pamoja mpaka wafike angalau 16.