Somo: Kuandika na kutuma barua pepe ukiwa ndani ya Emacs

Habari wakuu. Wengi wetu tunashinda ndani ya Emacs, programu ya kuandikia maandishi, kutwa nzima, lakini ikifika barua pepe tunaandika humo, tunanakili, tunafungua kivinjari, tunabandika. Kazi mbili kwa barua moja, wakati Emacs inatuma yenyewe.

Somo hili ni la kutuma tu. Kupokea kunahitaji somo lake.

Hatua ya 1: seva, yaani kompyuta ya huduma yako inayopeleka barua. Fungua faili la mipangilio ya Emacs, `~/.emacs.d/init.el`, weka hivi, kisha uwashe Emacs upya:

```
(setq user-full-name "Jina Lako"
      user-mail-address "jina@example.org"
      send-mail-function 'smtpmail-send-it
      smtpmail-smtp-server "smtp.example.org"
      smtpmail-smtp-service 587
      smtpmail-stream-type 'starttls)
```

Jina la seva na namba ya poti utazipata kwenye maelekezo ya anayekupa huduma ya barua pepe. Akikupa 465 badala ya 587, basi `'starttls` nayo ibadilike iwe `'ssl`.

Hatua ya 2: nenosiri. Tafadhali usiliandike ndani ya init.el. Faili hilo watu hulipakia mtandaoni kuwaonyesha wenzao, na nenosiri linaondoka nalo. Tengeneza faili `~/.authinfo.gpg` lenye mstari mmoja:

```
machine smtp.example.org port 587 login jina@example.org password nenosiri
```

Kama GnuPG (programu ya usimbaji) ipo kwenye kompyuta, Emacs italifunga kwa usimbaji wakati wa kuhifadhi. Hakikisha jina la seva na poti vinafanana kabisa na vya init.el. Mimi nilihangaika jioni nzima nikiulizwa nenosiri kila nikituma, kumbe huku nimeandika 465 na kule 587.

Hatua ya 3: barua. Bonyeza Ctrl-x, kisha m. Utaona:

```
To:
Subject:
From: Jina Lako <jina@example.org>
--text follows this line--
```

Mstari wa mwisho usiuguse. Ndio unaoiambia Emacs vichwa vimeishia wapi na barua inaanzia wapi, mpokeaji hauoni. Andika chini yake. Alt-q inapanga aya, Ctrl-c Ctrl-a inaambatisha faili.

Ukimaliza, Ctrl-c Ctrl-c. Imeenda. Ya kwanza jitumie mwenyewe, uone jina na anwani vinavyotokea upande wa pili.

MASWALI

Mkuu, mimi naletewa kosa 535 na nenosiri nina uhakika nalo.
Hiyo 535 ni seva imekataa utambulisho. Kama akaunti yako ina uthibitisho wa hatua mbili, kama Gmail, nenosiri la kawaida mara nyingi halikubaliki. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, tengeneza nenosiri la programu (app password), uweke hilo kwenye `~/.authinfo.gpg`.

Nikighairi katikati je?
Ctrl-c Ctrl-k. Kama umeshaandika kitu, itakuuliza kwanza.

Nakala ya nilichotuma inabaki wapi?
Swali zuri sana, dada. Huduma nyingine hujiwekea zenyewe, nyingine haziweki. Ukitaka uhakika, ongeza kwenye vichwa mstari `Fcc: ~/zilizotumwa`. Emacs itahifadhi nakala kwenye faili hilo, na mstari wenyewe hautaenda kwa mpokeaji.

Mtandao wangu unakatika katika. Naweza kuandika nyingi nikatuma baadaye?
Unaweza. Weka `(setq smtpmail-queue-mail t)`, barua zitapanga foleni. Mtandao ukirudi: bonyeza Alt-x, andika `smtpmail-send-queued-mail`, kisha Enter.